Siku arobaini za baba

Kwetu Tanga, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi. Majirani wakipita hubisha hodi na kuuliza, "Mzazi hajambo?", na shangazi anayekuja asubuhi kumkanda kwa maji ya moto huuliza kwanza kama mzazi ameshakunywa uji wake wa pilipili manga. Kwa siku arobaini jina hilo ni lake peke yake. Baba wa mtoto, ambaye kwa lugha ya shuleni naye ni mzazi, hujulikana zaidi kwa vitu anavyotumwa kuleta: mkaa, kuku wa kienyeji wa mchuzi, sabuni ya kufulia nepi. Siandiki haya ili kuilaumu desturi, kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi siku hizo zinavyomrudishia nguvu mwanamke aliyechoka, na ningependa kila mwanamke azipate. Ninaandika kwa sababu sisi Waislamu wa pwani humpa baba nafasi ya mwanzo kabisa katika maisha ya mtoto, tukimwita amwadhinie katika sikio la kulia na kumsomea ikama katika sikio la kushoto kabla mtoto hajazoea sauti nyingine yoyote ya dunia hii, na baada ya heshima kubwa namna hiyo tunamtoa chumbani na kumwambia asubiri.

Nimeadhini mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa binti yangu, ambaye sasa ana miaka saba. Wakati huo nilikuwa mtunza stoo wa mkandarasi mmoja huko Kahama, na mke wangu alikuwa akiishi na mama yangu hapa Tanga. Nilipewa siku tatu za likizo, na sehemu kubwa ya siku hizo iliishia ndani ya basi. Nilifika, nikaadhini, nikampakata mtoto kwa dakika chache nikiogopa hata kupumua kwa nguvu, nikageuka kurudi kazini. Tangu hapo nilikuja nyumbani kila baada ya miezi mitatu hivi. Nilituma fedha kila mwisho wa mwezi bila kukosa, na niliamini kwa dhati kwamba huko ndiko kulea, kwa kuwa baba yangu naye alinilea hivyo, naye alikuwa mtu mwema.

Binti yangu alipokuwa na miezi kumi na mmoja nilifika jioni moja na mwanasesere na pakiti ya biskuti. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, karibu na miguu ya bibi yake. Nilipoinama kumchukua alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, akaikamata khanga ya bibi yake kwa mikono miwili, kisha akalia kilio ambacho sijakisahau, kilio cha mtu anayeomba aokolewe. Nilijaribu kumbembeleza, akazidi. Mama yangu alimnyanyua, akamweka begani na kuniambia kwa upole, "Usimlazimishe, baba. Hakujui." Zile biskuti alizipokea baadaye, kutoka mkononi mwa bibi.

Usiku ule nilimtuhumu mke wangu kimoyomoyo kwamba hamtajii mtoto jina langu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtoto hakuwa na kosa, wala mama yake, na kwamba mama yangu alikuwa amesema kweli tupu: hakunijua.

Wataalamu wa makuzi wana majina kadhaa ya jambo hili, na mimi nimelichagua neno mfungamano. Ni ule uhusiano ambao mtoto huujenga katika mwaka wake wa kwanza na watu wachache, anaowatafuta anapoogopa, anapoumia au anapochoka, na ambao wakiwapo karibu hupata ujasiri wa kutambaa mbali na kuichunguza dunia. Mtoto wa miezi mitatu hupokezanwa na wageni harusini bila kulalamika. Huyo huyo akifikisha miezi minane au tisa humlilia hata mjomba wake, kwa sababu sasa ameshawatenga watu wake na watu wengine. Binti yangu alikuwa katika umri huo hasa. Alikuwa na watu wake, mama na bibi, nami nilikuwa mgeni mwenye biskuti.

Aliyeweka msingi wa nadharia hii ni daktari Mwingereza, John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na walezi wao. Katika maandishi yake ya mwanzo mama amejaza karibu ukurasa wote, na baba anaonekana zaidi kama mtu wa kumtegemeza mama kwa fedha na kwa faraja. Kwa maneno mengine, ni mtu wa kuleta mkaa. Nadhani ndiyo sababu wazo hilo lilisafiri kwa urahisi hadi kwetu, kwani lilikuta nyumba ambazo tayari zilikuwa zimepangwa hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa, nami nilipolisoma nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa mali yake: moja ya tafiti za kwanza za kuwafuatilia watoto na walezi wao nyumbani kwao, mwezi baada ya mwezi, ulifanyika hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby huko London, alifika Kampala mwaka 1954 na kuanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda, akiwa na mkalimani, akikaa nao sebuleni alasiri na kuandika alichokiona. Aliona watoto wakitambaa kutoka kwa mama, wakigeuka kuhakikisha bado yupo, wakienda mbali zaidi, wakirudi mbio kunapotokea jambo la kutisha. Aliona pia kwamba mama hakuwa peke yake, kwani baadhi ya watoto wale walikuwa na mfungamano wa wazi na baba zao, na wengine na bibi au ndugu wakubwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1964, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 wa mji wa Glasgow, na walikuta kwamba kufikia miezi 18 takriban robo tatu ya watoto walikuwa na mfungamano na baba. Lililonigusa zaidi katika kazi yao ni kwamba mtu ambaye mtoto alimshikilia hakuwa lazima yule aliyemlisha au aliyekaa naye saa nyingi kuliko wengine; mara nyingi alikuwa yule aliyeitika haraka mtoto alipoita, na aliyecheza naye.

Kuitika ndiyo habari yenyewe. Siku hizi wataalamu wetu wana msemo wa Kiswahili ulio mzuri sana, malezi yenye mwitikio, na ni moja ya nguzo tano za ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba mwaka 2021. Nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo nne kati ya hizo mtu anaweza kuzichangia kwa sehemu kubwa akiwa Kahama, kwa kutuma fedha. Ya tano haitumwi kwa simu.

Mara yangu ya pili kuadhini ilikuwa tofauti. Nilikuwa nimeshaacha ile kazi na kufungua duka dogo la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Mke wangu alipandwa na shinikizo la damu katika wiki ya 32 ya ujauzito, madaktari wakahofia kifafa cha mimba, na mtoto akatolewa kwa upasuaji akiwa na kilo 1.6. Mama yake alilazwa wodi nyingine, hawezi kuinuka. Nilikuwa nimesimama kwenye ujia, nikiwa na mfuko wa nguo za mtoto ambazo zote zilikuwa kubwa mno kwake, pale muuguzi mmoja mtu mzima alipotoka, akanitazama na kusema, "Baba, vua shati."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alinikalisha kwenye kiti, akamtoa mtoto akiwa na nepi na kofia tu, akamlaza wima katikati ya kifua changu, ngozi kwa ngozi, akageuza kichwa chake upande ili apumue vizuri, kisha akatuzungushia khanga na kuifunga mgongoni kwangu. Hiyo ndiyo njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati madaktari walipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwamo Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na 1.8 wanapowekwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali yao itulie kwanza, vifo hupungua kwa asilimia 25. Mimi sikuyajua hayo siku ile. Nilijua tu kwamba kuna kitu chenye uzito wa pakiti chache za sukari kifuani mwangu, kwamba kinapumua haraka haraka, kinanyamaza kidogo hadi moyo wangu unasimama, kisha kinaanza tena. Sikio lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba mwanga wa dirisha ulipita ndani yake. Nikamwadhinia pale pale, kwa sauti ya chini kabisa, na safari hii hakuna aliyenitoa chumbani.

Kwa siku nne za mwanzo nilikaa naye mchana kutwa, na baada ya mama yake kupata nafuu tulipokezana hadi wiki tatu zikatimia. Kufikia siku ya tano au ya sita niliona jambo ambalo mpaka leo nikilieleza watu hudhani natia chumvi: alipokuwa akibadilishwa nepi na kulia kile kilio chake chembamba, nikisema "nipo, nipo" alinyamaza, akakunja vidole, akasubiri. Mtoto wa siku sita, ambaye kwa hesabu ya mimba hakupaswa hata kuwa amezaliwa, alikuwa ameshaanza kunijua.

Wapo watakaosema kwamba mwanamume hakuumbwa kwa kazi hii. Ninawaheshimu, lakini mwili wa mwanamume wenyewe unatoa ushahidi mwingine. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Lee Gettler walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 624 wa mji wa Cebu, Ufilipino, kwa miaka kadhaa tangu wakiwa vijana. Wale waliooa na kupata mtoto walishuka sana kiwango cha testosteroni, homoni ya kiume, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko akina baba wasioshughulika. Hapa kwetu, katika bonde la Ziwa Eyasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwalinganisha Wahadzabe na Wadatoga, ambao ni majirani. Akina baba wa Kihadzabe, ambao hubeba watoto, hulala nao na kucheza nao, walikuwa na kiwango cha chini cha homoni hiyo kuliko wanaume wa Kihadzabe wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao kwa desturi baba hashughuliki sana na mtoto mchanga, tofauti hiyo haikuonekana. Watu wawili wanaishi kando ya ziwa moja, wote ni akina baba, na miili yao haifanani, kwa kuwa maisha yao na watoto hayafanani. Asiogope mtu kusikia habari ya homoni kushuka. Mwanamume hapungukiwi na kitu. Mwili wake unajielekeza tu kwenye kazi iliyo mbele yake, kama mwili wa mama unavyofanya.

Na kama unataka kujua desturi inaweza kwenda umbali gani, watazame Waaka wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini mwa Kongo. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett, aliyeishi nao na kuhesabu, aliona kwamba baba wa Kiaka huwa amempakata mtoto wake mchanga au yuko umbali wa mkono tu kutoka kwake kwa asilimia 47 ya saa 24. Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: Waaka huwinda kwa nyavu, na mume na mke huwinda pamoja, mtoto akiwa nao, hivyo mikono ya baba iko karibu mchana kutwa. Mimi Kahama nilikuwa na nia njema kama wao, ila kazi yangu ilikuwa imenipeleka mbali sana na mkeka ule.

Ndiyo maana siwezi kuzungumzia malezi ya baba bila kuzungumzia kazi na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kwa kawaida inampa baba siku zisizopungua tatu, ambazo lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Uganda ni siku nne za kazi; Kenya ni wiki mbili zenye malipo kamili. Siku tatu zinatosha kufuatilia tangazo la kizazi, kununua dawa na kuwapigia ndugu simu. Hazitoshi kujifunza kilio cha njaa kinatofautianaje na kilio cha usingizi. Mwanangu alikaa hospitali wiki tatu. Kama ningekuwa bado mwajiriwa, kifua kile kisingekuwapo, na mama yake alikuwa hawezi kuinuka. Ninaiombea nchi yangu angalau zile wiki mbili za jirani, na ningeomba pia kwamba kliniki zetu zisimwite baba siku moja tu ya kupima damu kisha zimwambie akasubiri kwenye benchi la nje. Katika ujauzito wa kwanza nilipanga likizo ili nimsindikize mke wangu, nikapimwa, nikaambiwa kwamba yaliyobaki ni ya akina mama. Yaliyobaki yalikuwa ni habari za mtoto wangu.

Naongeza mawili, nisije nikaeleweka vibaya. Wapo watoto wasio na baba nyumbani, kwa kifo au kwa sababu nyingine, nao hukua vizuri wakiwa na babu, mjomba, bibi au mama mwenye kuwaitikia. Mtoto hatazami cheti, anatazama ni nani anayekuja akiita. Na baba anayepiga na kutisha, kukaa kwake nyumbani mchana kutwa si baraka kwa mtoto wala kwa mama. Ninamzungumzia baba aliye tayari, ambaye hajui aanzie wapi, kwa kuwa nilikuwa yeye.

Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama yangu alikuwa ameshaandaa chumba, na kwa desturi alikuwa tayari kunifungia mlango. Nilimwambia, "Mama, mtoto huyu amelala kifuani kwangu wiki tatu. Akilikosa joto hilo hatalala." Alifikiri kwa muda, akajibu, "Basi ingia, lakini nawa mikono kwanza." Ndani ya siku arobaini zile alinifundisha kuogesha. Maji huwekwa kwenye beseni hadi nusu tu, na hupimwa kwa kiwiko, kwa sababu kiganja cha mtu mzima kimezoea moto na hudanganya. Mkono wa kushoto hupita chini ya shingo na kushika kwapa la mbali, ili kichwa kilale juu ya kigasha. Mkono wa kulia ndio unaoosha, ukianza na uso bila sabuni. Usimharakishe. Ukimteremsha ghafla hushtuka na kurusha mikono. Ukimteremsha taratibu, miguu kwanza, huku ukimsemesha, hutulia na kukukazia macho. Nimekazia macho watu wengi maishani mwangu, lakini sijui kama nimewahi kutazamwa hivyo, bila kupepesa, na mtu ambaye hana shaka yoyote kwamba hutamwachia.

Mtaalamu angeniambia kwamba katika dakika zile kumi mtoto anasikia maneno, anafuatisha uso, anajifunza zamu za mazungumzo, na angekuwa sahihi. Huko Ujerumani, Karin na Klaus Grossmann waliwafuatilia watoto hadi miaka 16, wakaona kwamba jinsi baba alivyocheza na mtoto wa miaka miwili, kwa kumsikiliza na kumtia moyo ajaribu jambo gumu kidogo bila kumpokonya, ilihusiana na jinsi mtoto huyo alivyouona uhusiano wake na watu wa karibu alipokuwa mkubwa. Nami huyakumbuka hayo sasa mwanangu anapopiga maji kwa viganja na kunilowesha shati, kisha akinitazama kuona kama nitakasirika. Ana mwaka mmoja na miezi minne. Akianguka, hukimbilia kwa yeyote aliye karibu kati ya mama, bibi na mimi, bila kuchagua.

Binti yangu hupenda kusimama mlangoni akitutazama. Wiki mbili zilizopita, nilipokuwa namfuta mdogo wake taulo, aliniuliza, "Baba, na mimi uliniogesha?" Ningeweza kumwambia ndiyo, asingejua. Nilimwambia, "Hapana, mwanangu. Bibi ndiye aliyekuogesha. Mimi nilikuwa mbali." Alinyamaza kidogo. Kisha akavua ndala zake, akavuta kigoda, akaketi na kuingiza miguu yote miwili ndani ya beseni. Nikampa mdogo wake kwa mama, nikachukua sabuni, nikaanza na vidole.